Nozeli za Dizeli: Uchafu Mdogo, Hasara Kubwa

Lori libebalo mawe ya kujengea, matatu iendayo mjini kabla ya mapambazuko, pikapu ya mkulima ipelekayo maziwa kwenye chama cha ushirika, trekta ilimayo kabla ya mvua kuanza: vyombo hivi, kwa sehemu kubwa, huendeshwa kwa mafuta ya dizeli. Mwenye chombo cha namna hii huishi kwacho. Siku kisimamapo, mshahara wa dereva hudaiwa vile vile, deni la benki halingoji, na maziwa huchacha. Kwa hiyo neno aliogopalo sana ni lile aambiwalo na fundi: “Nozeli zimekufa, zote nne. Hapana budi kununua mpya.”

Wengi wasikiapo neno hili hutafuta fedha kwanza na kuuliza maswali baadaye. Mmoja hukopa, mwingine huuza ng’ombe. Nozeli mpya hutiwa, gari huondoka vizuri, na baada ya miezi michache moshi ule ule hurudi. Jambo hili si uchawi wala si bahati mbaya. Mara nyingi kilichobadilishwa ni kile kilichoumizwa, na kilichoumiza kimeachwa pale pale ndani ya tangi. Mwenye gari aelewaye kazi ya nozeli, na adui zake, ataweza kujiepusha na hasara ya kulipa mara mbili.

KAZI YA NOZELI

Katika injini ya petroli, mafuta huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huvuta hewa peke yake ndani ya silinda, kisha huishindilia mpaka ikabanwa katika nafasi iliyo ndogo mara 15 hadi 22 kuliko ile ya kwanza. Hewa iliyoshindiliwa hivyo hupata moto upitao digrii 500, kama vile pampu ya baiskeli ipatavyo joto mtu ajazapo gurudumu upepo. Hapo ndipo nozeli, ambayo mafundi wengine huiita injekta, ifanyapo kazi yake: hunyunyiza dizeli ndani ya hewa hiyo, nayo dizeli huwaka yenyewe.

Siri yote imo katika kule kunyunyiza. Mafuta yakiingia kama ukungu, huwaka yote na kutoa nguvu. Yakiingia kama matone, hayamalizi kuwaka. Sehemu hutoka katika bomba la moshi ikiwa masizi meusi, sehemu hushuka na kuchanganyika na oili ya injini, na sehemu huendelea kuwaka juu ya pistoni hata madini yake yakayeyuka.

Mtu aliyebuni injini hii alikuwa Mjerumani, Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1892, na injini yake ilifanikiwa mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Injini zile za kwanza zilihitaji mtambo mzito wa kushindilia hewa ili kupuliza mafuta ndani ya silinda, na kwa sababu hiyo zilifaa viwanda na meli, wala si motokaa. Mambo yaligeuka mwaka 1927, kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo za kusukuma mafuta. Tangu hapo dizeli ilienea katika malori, na mwaka 1936 motokaa ya abiria ya Mercedes-Benz 260 D ilionyeshwa huko Berlin.

NOZELI ZA KALE NA ZA SASA

Nozeli za kale zilikuwa chombo cha chuma tupu. Ndani yake mna sindano iliyokalishwa na springi. Pampu isukumapo mafuta, sindano huinuka, mafuta hupita, kisha springi huirudisha chini. Nozeli hizo zilifunguka kwa nguvu iliyo kama mara 100 hadi 250 kuliko nguvu ya hewa ya kawaida. Hiyo si nguvu ndogo, kwa maana upepo wa gurudumu la motokaa ndogo ni kama mara 2 tu.

Mwaka 1997 motokaa ya Alfa Romeo 156 iliuzwa ikiwa na mpango mwingine. Pampu hujaza mafuta katika bomba moja nene, lililo la pamoja kwa silinda zote, na kila injekta hufunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta ya gari. Mpango huu umeenea, na pikapu, matatu na malori mengi yanayoletwa Afrika Mashariki siku hizi yanao. Nguvu iliyomo katika bomba hilo hufika mara 1,600, na katika baadhi ya magari hupita mara 2,000. Injekta hufunguka na kufunga mara kadhaa katika pigo moja la pistoni. Faida yake ni injini isiyo na kelele nyingi, yenye nguvu zaidi, na ipunguzayo matumizi ya mafuta.

Lakini kila faida ina kodi yake. Nafasi iliyopo baina ya sindano ya injekta na ala yake ni sehemu chache tu za elfu za milimita moja, hali unywele wa mtu una unene wa kama sehemu 70 za namna hiyo. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho, ikisukumwa kwa nguvu iliyotajwa, hukwangua chuma kama tupa. Nozeli ya kale iliweza kustahimili mafuta machafu kwa muda mrefu. Injekta ya sasa haiwezi.

ADUI WATATU

Adui wa kwanza ni uchafu. Dizeli ikitiwa kutoka kwenye debe lililokaa wazi, au pipa lenye kutu, au kwa faneli iliyolala sakafuni, huchukua mchanga na kutu na kuupeleka tangini. Chujio huzuia mengi, lakini chujio lililojaa hupunguza mafuta, na chujio bandia lenye karatasi hafifu huweza kupasuka na kuachilia uchafu wote kwa mara moja.

Adui wa pili ni maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hushuka chini ya tangi, karibu na pale mafuta yanapovutwa. Huingia kwa mvua katika mapipa yasiyofunikwa vizuri, na tena hujifanya yenyewe: tangi lililo nusu tupu lina hewa ndani yake, na usiku wa baridi, hasa nyanda za juu, unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone. Maji huleta kutu juu ya sindano. Yafikapo kwenye ncha ya nozeli yenye moto mkali hugeuka mvuke ghafula, na ncha huweza kuvunjika. Vijidudu pia huota mahali maji na dizeli yakutanapo, na kufanya utelezi uzibao chujio.

Adui wa tatu ni mafuta yaliyochanganywa. Yapasa ijulikane kwamba ndani ya pampu na injekta hamna oili nyingine ya kulainisha chuma. Dizeli yenyewe ndiyo oili yao. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha. Yakichanganywa na dizeli, chuma husugua chuma, pampu huanza kutoa vumbi la madini, na vumbi hilo huenda moja kwa moja katika injekta zote. Wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, wafanyabiashara wasio waaminifu walipata faida kwa kuyachanganya, na mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiondoa faida hiyo. Hata hivyo mnunuzi asiache kuwa macho. Mtu auzaye dizeli kando ya barabara kwa bei iliyo chini sana kuliko vituo vingine ana sababu yake, na sababu hiyo huenda ikalipwa na injini ya mnunuzi.

Petroli ni mbaya kupita mafuta ya taa. Ikiwa mhudumu wa kituo ametia petroli kwa makosa katika tangi la dizeli, dereva asiwashe injini hata kwa dakika moja, wala asifungue swichi. Gari lisukumwe kando na tangi limwagwe lote. Gharama ya kumwaga tangi ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya pampu.

DALILI ZA UGONJWA

Nozeli haifi bila kutoa habari. Injini hukawia kuwaka asubuhi, na iwakapo hutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Gari likiwa limesimama, injini hutetemeka kama mtu mwenye homa, maana silinda moja haifanyi kazi sawa na wenzake. Mlimani hutoa moshi mweusi na nguvu hupungua. Sauti ya kugonga kama nyundo husikika, na mafuta huliwa kupita kawaida.

Dalili mbili hazifai kungojewa hata safari moja. Ya kwanza ni kipimo cha oili kuonyesha kwamba oili imeongezeka badala ya kupungua, na oili hiyo kunuka dizeli. Hii ni ishara kwamba mafuta yanavuja ndani ya injini, na oili iliyokuwa ikiilinda imekuwa nyepesi. Ya pili ni kugonga kwa nguvu pamoja na moshi mwingi. Hapo nozeli huenda imekwama wazi, nayo huweza kutoboa pistoni. Dereva asemaye, “Nitamaliza wiki hii kwanza,” huligeuza tengenezo la nozeli moja kuwa ununuzi wa injini nzima.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Dalili zilizotajwa huweza kutokana na mambo mengine. Moshi mweusi huletwa pia na chujio la hewa lililojaa vumbi. Kupungua kwa nguvu huletwa na chujio la mafuta lililoziba, au bomba lenye ufa livutalo hewa. Kukawia kuwaka huletwa na betri dhaifu, au zile plagi zipashazo silinda joto asubuhi. Sauti ya kufoka karibu na injekta, pamoja na masizi magumu kama lami kuizunguka, mara nyingi huonyesha kwamba injekta ni nzima, ila washa ya shaba iliyo chini yake haizibi tena. Washa hiyo ni kitu cha bei ndogo. Kwa sababu hii fundi mwangalifu huanza na vitu vidogo na kufika kwenye injekta mwisho.

Nozeli ya kale hupimwa kwa pampu ya mkono: fundi huiona ikinyunyiza, na kusoma nguvu ifungukayo. Mara nyingi hubadilishwa ncha peke yake, na springi hurekebishwa. Injekta ya sasa hupimwa kwanza ikiwa ndani ya gari. Kila injekta hurudisha mafuta kidogo tangini, na fundi huweza kuunga vichupa vidogo katika mipira ya kurudishia, kuiacha injini ingurume kidogo, kisha kulinganisha. Kichupa kilichojaa upesi kuliko vingine huonyesha injekta iliyochakaa ndani. Baada ya hapo injekta hufunguliwa na kupelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kupimia, nayo hutoa karatasi ya matokeo.

Hapa pana onyo kubwa. Mafundi wa zamani walizoea kulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya moja, huku injini ikinguruma, ili kujua ni silinda gani isiyofanya kazi. Desturi hiyo isifanywe kamwe katika injini yenye bomba la pamoja. Mafuta yatokayo kwa nguvu iliyotajwa hupenya ngozi na nyama kama sindano. Tundu lake huwa dogo, na huenda lisiume sana mwanzoni, lakini dizeli iliyoingia huharibu nyama ndani, na mtu huweza kupoteza kidole au mkono mzima. Aliyepatwa na ajali hii apelekwe hospitali saa ile ile, wala asidanganywe na udogo wa kidonda. Kadhalika mtu asitafute mahali panapovuja kwa kupapasa kwa mkono.

HESABU YA GHARAMA

Bei hutofautiana kwa gari na kwa mji, lakini njia ya kuhesabu ni moja. Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba injekta mpya ni shilingi 40,000, kupima kila moja ni shilingi 2,000, chujio ni shilingi 3,000, na kusafisha tangi na mabomba ni shilingi 10,000.

Mwenye gari akikubali kununua injekta nne bila kupima, atatoa shilingi 160,000, na uchafu utakuwa ungali tangini. Akipima zote nne kwa shilingi 8,000 na kuona kwamba iliyokufa ni moja tu, atalipa 40,000 kwa injekta, 3,000 kwa chujio na 10,000 kwa tangi. Jumla ni shilingi 61,000, na adui ameondolewa. Tena, zile shilingi 160,000 zingeweza kununua machujio 53. Kama chujio hubadilishwa kila kilomita 10,000, machujio hayo yangelitosha kilomita 530,000, yaani zaidi ya safari 500 za kwenda na kurudi baina ya Mombasa na Nairobi.

Si kweli kwamba kununua zote ni kosa siku zote. Pampu ikiwa imevunjika ndani na kumwaga vumbi la madini, injekta zote huwa zimekula vumbi hilo, na hakuna njia ila kutengeneza pampu, injekta, mabomba na tangi kwa pamoja. Atiaye injekta mpya juu ya pampu inayotoa vumbi ametupa fedha zake. Ndiyo maana kipimo ni bora kuliko dhana.

Kuna njia nne za kutengeneza. Injekta iliyoziba tu huweza kusafishwa kwa mashine. Iliyochakaa huweza kutiwa ncha na vali mpya katika karakana iliyo na vifaa, na tengenezo hilo kwa kawaida ni rahisi kuliko injekta mpya. Ya tatu ni kununua iliyokwisha kutumika, nayo inafaa ikiwa imepimwa mbele ya mnunuzi. Isipopimwa ni kamari. Ya nne ni mpya, na hapa mnunuzi ajihadhari na bandia, kwa maana boksi zuri si ushahidi. Injekta nyingi za sasa zina namba za siri zilizoandikwa juu yake, na katika magari mengi namba hizo hazina budi kuingizwa katika kompyuta ya gari. Fundi asiyefanya hivyo huweza kutia injekta nzima, na injini ikaendelea kutetemeka. Washa za shaba nazo zitiwe mpya kila mara injekta ifunguliwapo.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari amwulize fundi maswali manne: Ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba injekta hii ni mbovu? Ni kitu gani kilichoiua? Kitu hicho kitaondolewaje? Vipande vya zamani vitarudishwa kwa mwenyewe pamoja na risiti na ahadi ya muda gani? Fundi ajuaye kazi yake hukasirishwi na maswali haya, kwa sababu huyajibu kila siku.

ULINZI WA KILA SIKU

Dizeli inunuliwe kwenye kituo chenye wateja wengi, ambapo mafuta hayakai muda mrefu, na risiti itunzwe. Wakati lori la mafuta linapojaza matangi ya kituo, ni vema kungoja au kwenda kwingine, kwa maana uchafu wa chini huwa umevurugwa. Tangi lijazwe jioni kuliko asubuhi, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi usiku. Lisiachwe likauke, kwa maana mafuta ya mwisho ndiyo yenye takataka, na pampu ikivuta hewa hukosa kilainisho.

Chujio libadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha gari, na mapema zaidi katika barabara za vumbi. Maji yaliyokusanyika chini ya chujio yatolewe kwa kufungua kizibo chake kidogo, na taa ya onyo la maji iwakapo, dereva asimame kwanza. Mwenye shamba awekaye dizeli katika pipa alilaze chini ya paa, aliache litulie kabla ya kuchota, wala asichote ya chini kabisa.

Waswahili husema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Katika injini ya dizeli, mwiba huo ni tone la maji, au chembe ya mchanga, au debe lililooshwa vibaya. Kuuondoa mapema ni kazi ya dakika kumi na chujio moja. Kuungoja mpaka moshi uonekane ni kazi ya fundi, na muda wote ambao gari liko kwa fundi, halimletei mwenyewe hata senti.